Mstari wa Nyuma ya Nyumba

Mimi mtu akitema chakula cha watu mbele ya macho yangu, naona kinyaa mpaka kesho yake. Sasa sikilizeni, halafu mniambie kama nina gubu.

Kazi yangu ni mizani, pale kiwanda cha mvinyo. Mkulima analeta kreti zake za zabibu, napima, zinaingia. Sheria ni moja: asiyefikisha kreti kumi kwa msimu, nafasi yake anapewa mwingine. Na dada yangu, mjane, ana kishamba cha mizabibu na hana mnunuzi mwingine chini ya jua.

Ikaja mvua ya mawe. Robo saa tu. Majani yakawa matambara, vichala vikalala matopeni. Ulipona mstari mmoja, ule wa nyuma ya nyumba, uliokingwa na ukuta. Dada aliupitia kichala kwa kichala, akaniambia, "Mdogo wangu, kumi zinatimia. Ziive tu." Zilibaki wiki mbili.

Kufa kufaana. Meneja wetu alizifunga utepe chupa za mwaka juzi, akaziandika "Tushikamane na Wakulima Wetu," zikaisha kabla ya saa sita. Wanunuzi wakaahidiwa kupelekwa mashambani kusaidia kazi. Lo, kusaidia! Waliteremka kwa dada na viatu vyeupe na mpiga picha wao, mimi nimebebeshwa maji yao ya kunywa. Dada, masikini, alifurahi. Aliwagawia mikasi kwa mkono wake mwenyewe, akawaonyesha matawi yaliyovunjika, ya kukata.

Mpiga picha akakunja pua. "Hapa panatia huzuni mno. Hakuna penye kupendeza?"

Meneja akazunguka nyumba, kisha akaita, "Njooni huku jamani!"

Wakakata. Kila mmoja na kichala chake, kidevu juu, tabasamu. Wakauma. Bibi mmoja mwenye kofia pana kama ungo akatema, ptuu! "Kali hizi!" Mwenzake naye ptuu, wakacheka, ikawa mchezo wa nani atatema mbali. Kichala kinaumwa punje moja, kinatupwa, kinakatwa kingine. Mate yao yananing'inia kwenye majani. Nikafungua mdomo, dada akanibana kiwiko.

"Nyamaza. Ni wageni, na yule ni meneja wako."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwajua hawa.

Walipoondoka, dada aliinama akaokota. Akaviosha vile vichala kwenye beseni, kimoja kimoja, kuvitoa mate ya watu, kana kwamba vikitakata vitarudi mtini. Sikuweza kuangalia. Nilikwenda kutapika nyuma ya choo.

Baada ya wiki mbili alileta kreti saba. Nilizihesabu mara tatu, na mara zote tatu zilikuwa saba. Meneja alisimama chini ya ile picha, maana alishaitundika ukutani: yeye katikati, kichala mkononi, meno yote thelathini na mawili nje.

"Pole sana, mama," akamwambia dada. "Sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma," nikadakia. "Tatu zilizopungua mlizitafuna nyinyi. Zile pale, kwenye picha, juu ya kichwa chako."

"Wewe, kaa kwenye mizani yako. Tulikwenda kusaidia, tena bure."

Bure! Nikasonya mpaka wapakuaji wakageuka. Dada alikuwa anaipapasa kreti ya juu kwa kiganja. Mwaka ujao mizabibu itazaa, na zabibu zake atampelekea nani?

Na huku meneja akiendelea kueleza habari za sheria, mkono wake ukashuka kwenye ile kreti, pembeni kabisa ya mkono wa dada. Ukachuma punje moja, ukaitia mdomoni. Akatafuna polepole, macho kayafumba.

"Mmh," akasema. "Sasa zimeiva."

"Tema," nikamwambia.

"Nini?"

"Tema! Mlizitema zikiwa mbichi, tema na hiyo. Hatujakuuzia."

Wapakuaji wakaweka mizigo chini. Meneja akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akamtazama dada aliyekuwa bado ameshika kreti yake. Kisha akameza.