Kaburi la Bi Mwanaima

Sisi wa Bandarini tuna roho mbaya, na ninayesema hivi nimezaliwa papa hapa. Kisiwa chetu, Kigomba, ni jiwe tupu. Ukipiga jembe linaruka. Kisima hakuna. Tunakunywa maji ya mvua yanayokaa kwenye jabia, lile tangi kubwa la mawe nyuma ya msikiti. Wenzetu wa kijiji cha Makoani, upande wa bahari kuu, jabia lao lilipasuka, kiangazi kikawakuta hawana hata tone.

Ufunguo wa jabia letu alikuwa nao mume wangu, Kibwana. Akawafungulia wanawake wa Makoani wakachota. Basi, ikawa nongwa. Mzee Swabir akakusanya watu, wakakata shauri tususiwe: tusiamkiwe, tusijibiwe, tusiendewe kwa harusi wala msiba. Hata ndugu yangu Feisal, tumbo moja, tukikutana njiani hutazama pembeni.

Kisha mama mkwe, Bi Mwanaima, akafariki. Alikuwa ameusia azikwe Kigomba, na kaburi la Kigomba halichimbwi na mtu mmoja. Wanaume hupokezana mitaimbo kuupasua mwamba, na udongo wa kufukia huvushwa kwa mashua kutoka Shimoni, ng'ambo ya bara. Kibwana alianza peke yake asubuhi. Adhuhuri mikono inamvuja damu, shimo halijafika magotini, na joto lile, na maiti ndani.

Nikamwambia, "Baba Warda, twende tukawaombe."

Tulimkuta Mzee Swabir barazani kwake. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema akiuangalia ukuta, "Bibi yule hakutukosea, tutamzika. Lakini mwanawe asiwepo. Apande mashua, akae huko majini mpaka tumalize."

"Ni mwanawe wa pekee," nikasema. "Nani atamshusha kaburini?"

"Feisal."

Kibwana alilia, mtu mzima yule. Kisha akapanda mashua akakaa mbali na gati, juani. Sisi wanawake hatuendi kuzika, kwa hiyo nilibaki uani nikisikiliza mitaimbo.

Waliporudi akateremka, akaenda mbio makaburini. Shimo lake la asubuhi wamelifukia. Udongo mpya wameumwaga juu ya makaburi yote ya safu ile, wakayapanga mawe ya zamani juu yake, jipya na kuukuu yakawa sawa. Wanaolijua kaburi ni wale wale wasiomjibu. Nilimshika Feisal kanzu nikamwambia anionyeshe kwa kidole tu, asiseme neno. Akaubandua mkono wangu akaenda zake. Sitamsamehe.

Ijumaa, Kibwana alisoma Fatiha kaburi hadi kaburi. Mimi nilimfuata kwa mbali nikamwona kutoka njiani, na Feisal alikuwa kwenye ukuta wa makaburi, anamtazama. Penye kaburi moja Kibwana alichutama, akaweka kiganja juu ya mawe, akakaa hapo muda mrefu akizungumza. Feisal akacheka, akatikisa kichwa, akaondoka.

Kibwana alirudi uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nimelijua, Twaiba," akaniambia. "Moyo umeniambia ndilo."

Nikamwambia, "Alhamdulillahi," nikamtengea chakula.