Sindano ya Saa Kumi na Mbili

Wodi nzima ilimjua Esnah kwa domo lake. Tangu mumewe, Sagini, ateleze shambani kwenye chai na kuvunjika mguu, siku tisa sasa, hakuna nesi aliyethubutu kuchelewesha ile sindano ya tumboni, ya kuzuia damu kuganda. Esnah alizoea kituo ambako wakulima huuza majani ya chai: usipojisukuma hadi kwenye mizani, majani yako yananyaukia guniani wengine wakipimiwa. Basi saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Sista, Baba Nelvine bado hajadungwa!" Jana alimfuata nesi hadi jikoni, akamwachisha chai yake.

Leo jioni Daktari Chepkemboi alimwita kando, faili mkononi, uso umemshuka.

"Mama, kuna watu wachache sana ambao dawa hii ya sindano huwageuka. Badala ya kuzuia damu kuganda, inaigandisha. Tumepiga picha moyo wa mzee. Kuna bonge la damu."

"Ndani ya moyo?"

"Ndani. Likitoka hapo linaweza kumuua. Naenda kuandika dawa nyingine sasa hivi. Hii asipewe tena, hata tone."

Esnah aliogopa, na sitampamba: aliogopa hadi mkojo ukamponyoka, akakimbilia choo. Aliporudi, zamu ilikuwa imebadilika. Nesi mgeni alikuwa ameinama juu ya Sagini, sindano tayari.

"Wacha!" Esnah alijitupa juu ya tumbo la mumewe.

Nesi alirudi nyuma. Aliyemsukuma Esnah ni Sagini mwenyewe.

"Toka, Mama Nelvine! Kifua kinanibana. Si wewe ulisema hiyo sindano ndiyo inaniweka hai?"

Jasho lilimtiririka, na mkono wake uling'ang'ana kupandisha shati. Esnah aliushika. Alitamani daktari atokee amsemee. Hakutokea mtu.

"Ndiyo imekugandisha damu, Baba Nelvine. Mpaka kwa moyo. Daktari ameniambia saa hii."

Sagini aliliachia shati, akamtazama.

"Sindano zile zote?"

"Zote."

"Hata ya jana?"

"Hata ya jana."

Akalivuta shati la mumewe chini, akalikandamiza hapo kwa mikono miwili. Hakumwamini tena yeyote aliyekaribia kitanda kile, na wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.