Spika za Sura Mbaya

Televisheni ya Lopeti ilikuwa pana kama mlango, lakini sauti yake ilikuwa ya nzi aliyefungiwa koponi. Aliinunua mwaka jana kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihamia Auckland, na tangu siku hiyo kila mechi ya ragbi ilimwacha na kiu. Majitu yanagongana vifua mpaka unaona jasho likiruka, na wewe unachosikia ni pu!, kama mtu ametua kapu la nguo. Kwa mwanamume aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa la kijiji cha Vaini kwa miaka kumi na mmoja, hilo lilikuwa tusi.

Mechi ya Tonga na Samoa ilipobakiza wiki tatu, Lopeti akaona sasa basi. Alikuwa msoma mita za umeme, kazi iliyomjulisha mbwa wote wa upande huu wa kisiwa, nao wakaijua miguu yake. Kwa kujinyima kinywaji cha kava na vitafunio vya kazini alikuwa ameweka akiba ya pa'anga mia nne na hamsini. Jumamosi asubuhi akamchukua mkewe, Seini, wakaenda mjini Nuku'alofa kutafuta spika.

Katika duka la kwanza, spika mbili zilisimama karibu na mlango, ndefu kama watoto wa darasa la tatu, nyeusi za kung'aa, matumbo yake rangi ya shaba. Lopeti akazizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akasoma bei. Akazizunguka mara ya tatu, ya kuagana. Kisha, kwenye rafu ya chini, akaona seti nyingine: spika tano za mbao zilizopakwa vanishi rangi ya asali, pamoja na sabufa ya kutia mdundo, imekaa mraba kama kasha la bibi harusi. Bei, mia nne na arobaini.

“Seini,” akanong'ona, “hebu njoo uone.”

Seini akaja, akapitisha kidole juu ya mbao. “Nzuri kweli,” akasema. “Shangazi atazipenda.”

Mkono wa Lopeti, uliokuwa umeshaingia mfukoni, ukatoka mtupu.

Shangazi Fusi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake Lopeti, na mbele ya shangazi, mtoto wa kaka hana chake. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu zao na ndivyo ilivyo. Shangazi Fusi haibi wala haombi. Husifu tu. Akikaa kwenye kochi akasema, “Kochi zuri hili,” kochi limeshahama, lililobaki ni kutafuta wa kulivusha barabara, maana nyumba yake inatazamana na ya Lopeti. Kochi la buluu lilidumu siku nne. Friza ilidumu mwezi mzima, lakini mwezi huo shangazi alikuwa safarini Vava'u. Na Lopeti hakuwahi kukataa, wala hakutaka kuwa mtu wa namna hiyo. Siku walipomzika baba yake, wanaume wote wakimwambia ajikaze, ni Shangazi Fusi aliyemvuta kando na kumwambia, “Lia, mwanangu, mimi nitasimama mbele yako wasikuone.” Mtu kama huyo humnyimi kochi.

Lakini mechi moja, jamani. Alitaka mechi moja tu.

“Basi tununue mbaya,” akasema walipotoka nje.

“Mbaya vipi?”

“Mbaya za sura. Sauti nzuri, sura mbaya. Shangazi akiingia aseme masikini mpwa wangu, anywe chai yake, aende zake.”

Seini alikuwa akijipepea kwa mfuko wa karatasi. Akaacha kujipepea. “Lopeti. Na mimi ulinichagua kwa hesabu hiyohiyo?”

“Wewe shangazi alikusifu!”

“Alinisifu, halafu akaniacha kwako. Leo ndiyo najiuliza kwa nini.”

Wakashuka mpaka soko la mitumba, kando ya bahari, alikokuwa Mama Lupe. Wanawe walikuwa Auckland, na kila baada ya miezi michache humtumia mapipa ya vitu ambavyo watu wa huko wamechoka navyo. Chini ya turubai lake, kati ya viti vya watoto na sufuria zisizo na vifuniko, Lopeti akakuta alichokuwa akikitafuta. Spika tano za kijivu, zimekwaruzika kama zimeburutwa barabarani. Moja kitambaa chake kimetoboka kama soksi. Nyingine imebandikwa picha ya bata mwenye miwani, na mtu aliyejaribu kuibandua alimwacha bata na jicho moja. Sabufa yake ilikuwa rangi ya muhogo uliooza, na pembe moja imetafunwa na mnyama asiyejulikana.

“Hizi zinalia?” akauliza.

“Zinalia kuliko mama mkwe wako,” akasema Mama Lupe. “Zilikuwa za mwanangu wa pili. Mkewe alimwambia achague, yeye au spika.”

“Akachagua nini?” akauliza Seini.

“Si hizi hapa? Zingekuwa hapa angechagua spika?”

Lopeti hakujaribu spika kwa milio ya mabomu kama wafanyavyo wengine. Alisema bomu hata sufuria inaweza kulipiga, kilicho kigumu ni sauti ya mtu. Akachukua simu ya Seini, ambamo kulikuwa na wimbo wa kwaya yao uliorekodiwa Jumapili iliyopita. Mama Lupe kwanza akamsukumia spika mbili mpya za taa za rangi, na kwaya nzima ikatoka kama uji, sauti moja haijulikani na nyingine. Kisha wakaunganisha zile za kijivu.

Wanawake wakapanda, wakatulia juu, kila mmoja mahali pake. Ungeweza kunyoosha kidole na kusema huyu hapa mke wa mchungaji, yule pale ana mafua. Kisha besi zikaingia, na sufuria za Mama Lupe zikaanza kutetemeka zenyewe kwa zenyewe. Lopeti akafumba macho. Ubeti wa tatu ukakaribia, na hapo, wenzake wote wakiwa bado wamevuta pumzi, sauti moja nene ikatumbukia peke yake, bila wasiwasi wowote.

Seini akainua kichwa. “Nani huyo?”

Lopeti akatazama bahari.

“Miaka yote mwalimu wa kwaya anamgombeza Fonua wa watu. Kumbe ni wewe!”

“Niliwahi kidogo.”

“Kidogo? Ulifika, ukavua viatu, ukanywa chai, ukaoga, ndipo wenzako wakaja!”

Mama Lupe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga aliyojifunga. “Spika zisizosema uongo ni ghali, mzee. Nipe mia nne.”

“Mia tatu. Zina sura ya ajali.”

“Sura tusizungumze, kioo unacho kwako.”

Wakamalizana mia tatu na hamsini, nyaya juu yake, na Lopeti akaenda kutafuta gari akiwaacha wanawake wawili na spika.

Jumatatu alipotoka kazini akazifunga: tatu mbele, mbili nyuma ya viti, sabufa pembeni chini ya dirisha. Bata mwenye jicho moja akamweka mbele kabisa, mahali ambapo mgeni hawezi kumkosa. Walipojaribu filamu yenye mvua, mvua ikaanza kunyesha nyuma ya migongo yao, na Seini akanyanyuka kwenda kuanua nguo. Alifika mlangoni ndipo akaliona jua. Akarudi, akaketi, na Lopeti kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akawa yeye ndiye mwenye la kucheka.

Jumatano Shangazi Fusi akavuka barabara, mwavuli juu, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni kwa desturi yao. Akakaa kwenye kiti, Lopeti akakaa chini. Shangazi akapeleka macho polepole kutoka spika hii hadi ile, akamfikia bata, akatua.

“Masikini mpwa wangu,” akasema.

Lopeti akainamisha kichwa kuificha furaha yake.

“Mtu mzima, una kazi yako, unanunua makopo haya?”

“Ndiyo uwezo wangu, Shangazi.”

“Hm.” Akanywa chai. “Na zile za mbao, rangi ya asali, za mia nne na arobaini? Zilikuwa na kasoro gani?”

Jikoni Seini akapaliwa na kitu.

“Mama Lupe tunasuka naye mikeka kila Jumanne,” akaendelea shangazi. “Mkeo alimhadithia yote ulipokwenda kutafuta gari. Eti mpwa wangu ananunua vibovu kama mtu anayemficha jogoo wageni wakipiga hodi.”

Kikohozi cha jikoni kikazidi. Masikio ya Lopeti yakawaka moto. “Shangazi, mimi sikuwa na maana…”

“Maana ulikuwa nayo, tena ndefu. Baba yako naye alikuwa hivyohivyo. Alinificha baiskeli miaka miwili kwenye banda la nguruwe. Haya, nyamaza, washa nisikie.”

Lopeti akawasha ule wimbo wa kwaya, kwa woga akaukatisha kabla ya ubeti wa tatu na kuurudisha mwanzo. Shangazi akavua ndala. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, mwaka wa pili sasa, na kwa kukosa kigoda akaipandisha juu ya sabufa. Besi zilipoingia, akakodoa macho.

“We, Lopeti!”

“Naam, Shangazi.”

“Vidole vyangu. Nimevisikia vidole vyangu. Rudia hapo.”

Akarudia. Akarudia tena, na tena, na uso wa yule mama mzee ukawa kama wa mtu anayesikiliza hodi ya ndugu aliyepotea. Mwishowe akashusha pumzi, akasema taratibu, “Kizuri hiki.”

Lopeti alikuwa ameshasimama, anachomoa waya. Alitegemea kuumia, akajitafuta ndani, asipate mahali panapouma. Akaifunga sabufa kwa blanketi lake mwenyewe, akaivusha barabara kwa toroli, akaiunganisha na redio ndogo ya shangazi, akapiga magoti kuipanga mpaka miguu yote miwili ikatosha juu yake.

Siku ya mechi, Jumamosi alasiri, nyumba ya Lopeti ilifurika. Fonua alikuja na wanawe wanne, majirani wakaleta mikeka ya kukalia, Seini akapakua majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo. Spika tano zilifanya kazi yake: filimbi ililia kushoto, mashabiki wakanguruma nyuma ya migongo, watu wakageuka kutazama nani ameingia. Ila vifua vilipogongana, kile kishindo hakikuwapo. Zamani ilikuwa pu, sasa ilikuwa pa.

“Tia besi mwenyewe,” Seini akamwambia mumewe. “Lakini leo subiri wenzako.”

Dakika ya kumi na mbili, vijana wa Tonga walikuwa bado mbali na mstari, wanasukumana tu, mara kutoka ng'ambo ya barabara nyumba ya shangazi ikanguruma kama ngoma, na sauti yake ikapaa juu ya mngurumo: “Amefunga! Amefunga!”

Ndani ya nyumba watu wakatazamana. Kwenye kioo mpira ulikuwa bado umelaliwa na watu wanane. Wakasubiri. Baada ya kama sekunde kumi, kijana mmoja akachomoka, akakimbia, akafunga. Walishangilia, lakini kwa adabu, kama watu wanaopongeza harusi ya wiki iliyopita.

Picha ilitoka juu mbinguni kwa dishi, ikachelewa njiani, redio ilitoka hapo mjini tu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mara ya pili ilikuwa kilio: “Aaa! Ameudondosha, mkono wa siagi huyu!” Na Fonua akaanza kushika kichwa huku mchezaji mwenyewe akiwa bado ameukumbatia mpira vizuri kabisa.

“Lopeti,” akasema Fonua akijiinua, “sinema yako nzuri, lakini habari zake za jana.” Akavuka barabara na wanawe wote wanne. Wengine wakafuata wawili wawili, wanainama mlangoni kwa heshima kama wanaotoka ibadani kabla ya baraka. Ilipofika mapumziko, Seini naye akabeba bakuli kubwa la chakula.

“Na wewe?” akauliza Lopeti.

“Wewe baki na spika zako, mume wangu. Mimi nakwenda kwenye mechi.”

Akabaki. Alikaa katikati kabisa, mahali alipopima kwa kamba kwamba sauti zote tano zinakutana. Na zilikutana kweli: alisikia buti zikikwangua nyasi, alisikia mwamuzi akivuta pumzi. Sauti safi kuliko zote alizowahi kusikia, na hakuna hata mtu wa kumkanyaga mguu. Alivumilia dakika sita. Kisha akaacha kila kitu kinawaka, akatafuta ndala zake.

Kwa shangazi hapakuwa na pa kutia sindano. Watu walikuwa wameizunguka redio ndogo kama mkate, wengine madirishani, na katikati yao Shangazi Fusi, miguu juu ya sabufa, anawatuma wachezaji kulia na kushoto kwa majina ya mama zao. Hakugeuka. Alipiga sakafu kwa kiganja, karibu na kisanduku.

“Pita hapa. Egemea.”

Lopeti akatambaa kati ya magoti ya watu, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye sabufa. Uwanja uliponguruma, mngurumo uliingia kiunoni ukapanda mfupa kwa mfupa mpaka menoni. Hakuona chochote isipokuwa nyayo za Fonua.

“Nani ana mpira?” akauliza.

“Nyamaza usikie,” akasema shangazi, na kumwekea mkono kichwani.

Tonga walishinda kwa pointi mbili. Kijiji kizima kilikuwa kimeshatoka barabarani kinaimba wakati ushindi huo, sekunde kumi baadaye, ulipotangazwa kwa sauti safi kutoka pande zote tano za nyumba ya Lopeti, mbele ya nguruwe mmoja aliyeingia kula magimbi yaliyobaki, akageuka mara moja kutazama nyuma yake, asione mtu, akaendelea.