Faiba Tupu

Muuzaji wa duka mjini Vredenburg alimwekea mvuvi Lavona Julies vihisio vitatu vya mashine ya kupima kina na kutafuta samaki mezani. Cha kwanza kilikuwa cha kufungwa nje, nyuma ya boti. Cha pili kilihitaji kutobolewa tundu. Cha tatu hugandishwa ndani, kikapiga sauti yake kupitia faiba ya boti hadi chini ya bahari na kusikiliza mwangwi unaorudi.

Kijijini kwao Paternoster boti husukumwa mchangani kwa trekta kila alfajiri. Cha nje kisingemaliza wiki. Na kulitoboa boti? Asingekubali hata kwa dawa.

"Nipe hicho cha ndani," akasema.

"Lakini boti liwe faiba tupu, dada. Likiwa na povu gumu katikati, sauti haipiti. Aliliunda nani?"

"Mjomba wangu, Attie."

"Basi muulize."

Alimkuta mzee akipasua samaki nyuma ya nyumba. Attie alimnyooshea kisu.

"Povu? Mimi? Ile ni faiba tupu, toka omo hadi tezi! Unakuja kunipima kwa maneno ya muuza duka?"

Kesho yake Lavona alitia nanga nje ya mawimbi, mahali anapojua pana pima nane. Alijaza maji kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, akatumbukiza kihisio, akaukandamiza mfuko kwenye sakafu ya boti iliyolowa. Kioo cha mashine kikabaki kitupu. Akasogeza shubiri moja. Kitupu. Nyuma kote, ambako maji hupita bila viputo vya hewa, hakukuonyesha kitu. Mbele tu ndiko mashine ilikoandika nane, na mbele hakufai: boti huruka juu ya mawimbi likameza hewa. Akagonga kwa mpini wa kisu: mbele, ko, ko, nyuma, bu, bu, kama anagonga mkate. Uso ukamwaka. Miaka kumi na miwili akilivulia boti hili bila kuambiwa!

Aliporudi ufukweni hakupiga kelele. Alimwita mjomba wake na kumpa kisu.

"Gonga mwenyewe."

Attie hakugonga. Aliketi mchangani.

"Resini iliniishia," alisema. "Mama yako, Mungu amrehemu, alilitaka boti kabla msimu wa samaki wa snoek haujaanza. Nikajaza povu katikati, nikafunika. Nilijua halitavunjika."

"Na halijavunjika. Ila jana nilikuuliza kwa heshima, ukanikaripia."

"Niliona haya, mwanangu."

"Haya haitaniambia samaki wako wapi. Shika msumeno."

"Unataka kulikata? Kichwa kigumu kama mama yako!"

"Ngozi ya ndani tu. Ya nje haiguswi. Ukiona uchungu geuka kando, nitakata peke yangu."

Hakugeuka. Walikata tundu la ukubwa wa sahani, wakakwangua povu lote, wakapandanisha faiba mpya tabaka kwa tabaka, wakilikamua kila moja lisibakize hewa. Siku ya tatu Lavona alipiga msasa, akamimina gundi, akakizungusha kihisio taratibu hadi kiputo cha mwisho kikatoka. Akakishikilia kwa kiganja mpaka gundi iliposhika.

"Pumzika, nikupokee," Attie alisema.

"Sitoi mkono, mjomba."

Walipoingia baharini, mashine iliandika pima thelathini na moja. Lavona akakaza mwendo, mstari wa kina kwenye kioo haukukatika. Juu ya mstari ule palitanda wingu zito: snoek. Walivua mpaka mikono ikachubuka.

Jioni manahodha walilizunguka boti, kila mmoja akitaka kufungiwa kihisio cha ndani. Manne kati ya maboti yao yaliundwa na Attie. Mzee alimtazama mpwa wake.

"Usinitazame mimi," Lavona akasema. "Waambie kuhusu povu."

Akaanza kuwaambia wale wanne, mmoja mmoja. Wa kwanza alicheka. Wa pili alienda kuligonga boti lake. Wa tatu, Fanie Adonis, alimtukana mbele ya watu akaapa hatamsalimu tena maisha. Attie alirudi akiwa amejiinamia.

Lavona alimmiminia chai, akampa mkate wenye jemu ya aprikoti, akangoja amalize.

"Bado mmoja," akasema. "Twende, nitasimama karibu yako."