Ng'ombe Aliyechelewa Kuitikia

Mimi sina wivu. Mwezi huu nimewaambia hivyo watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza.

Kila Jumamosi alasiri, nikishafunika cherehani yangu pale Rhonda, naenda kwa rafiki yangu Bhagwanti katikati ya mji wa Nakuru. Mimi namwita Mama Deepa, yeye ananiita Mama Lewis. Deepa na Lewis wenyewe waliondoka zamani, mmoja yuko Kanada, mwingine Doha. Kilichotuunganisha sisi wawili ni santuri, na si zile nzuri. Nzuri kila mtu anazo. Sisi tunatafuta za ajabu: kwaya ya wapasua mbao wa Elburgon iliyoimba huku msumeno ukinguruma nyuma yao, bwana aliyepiga nyimbo za Krismasi kwa mluzi mpaka pumzi ikamwishia katikati ya ubeti, mama anayefundisha kuoka keki kwa mdundo wa dansi. Tunaziokota kwenye vibanda vya vyuma kuukuu na kwenye nyumba za marehemu. Unaweka sindano, unangoja, halafu kinatoka kitu ambacho hukujua binadamu anaweza kukifikiria, akalipa studio, na akapeleka nakala kwa shangazi zake. Hakuna raha inayoipita hiyo.

Mama Deepa akichekeshwa kweli hufunika mdomo kwa mtandio, mabega yakatetemeka bila sauti. Kicheko hicho mimi ndiye niliyekuwa nakileta. Miaka kumi na moja, mimi peke yangu.

Kisha akaja Joyline. Anauza dawa za mifugo katika duka lililo chini ya nyumba ya Mama Deepa, na hata thelathini hajafika. Alisikia muziki, akapanda ngazi kuuliza ni nini hicho. Wiki iliyofuata nilimkuta amekalia kiti changu, kile chenye mto uliochanika kando ya mashine ya santuri, na Mama Deepa amefunika mdomo.

"Auntie, sasa," Joyline akaniambia. "Imekupita. Hii kitu ni noma."

"Mimi niliisikia kitambo," nikasema. Nilikuwa sijaisikia.

Mwezi uliopita alifariki Mzee Ephantus, muumini wa kanisa la kule Bahati ninamosali tangu utoto. Wanawe walitoa boksi lake zima la santuri liuzwe kwenye mnada wa siku ya mavuno. Nilimnong'onezea Mama Deepa tu. Nilitaka Jumamosi niingie kwake na boksi hilo mikononi, nirudishe kicheko changu mahali pake. Basi Jumapili hiyo ya mavuno, wageni walipoambiwa wasimame, nani akasimama? Joyline, na gauni la maua.

"Mama Deepa ndio aliniambia nisikose," alinieleza nje, baada ya ibada.

Nilitabasamu kwa meno yote.

Mnada wetu una desturi zake. Mtu akinunua kabichi kwa bei ya kuku, si kwamba ana njaa ya kabichi. Anamnunulia mwingine, na mwenye kunadi humtangaza. Na ukitaka kumheshimu mgeni hasa, unashindana naye kwanza, unampandishia bei mpaka anyamaze, halafu unalipa wewe, anapewa yeye kile kitu. Siku hiyohiyo mhubiri kutoka Njoro alikuwa amepokea trei ya mayai kwa njia hiyo, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine. Haya yote nayajua tangu nikiwa msichana.

Boksi lilipoinuliwa watu walicheka. Nani siku hizi ana mashine ya vitu kama hivyo? Joyline akainua mkono. Nikainua wangu. Akapanda, nikapanda. Kinyanjui, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, alikuwa akicheza na kipaza sauti kwa furaha, lakini mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama Joyline. Nilipita bei ya kuku, nikafika ya mbuzi, nikaipita pia. Mwishowe akashusha mkono, anacheka. Nikasonga mbele kuchukua boksi langu.

"Mmeona upendo?" Kinyanjui akasema. "Mama Lewis amepigana na mgeni mpaka mgeni amechoka. Haya, msichana wetu, kuja uchukue zawadi yako."

Makofi yakapigwa. Kina mama wakatoa vigelegele. Mimi nimesimama pale, mikono imenyooka mbele, na boksi linapita kando yangu. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nataka kumnyima? Mbele ya mchungaji?

Joyline alinikumbatia, macho yamemlowa. "Auntie, hakuna mtu amewahi nifanyia kitu kama hii."

Nikampiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi niliapa siendi. Nilikaa na suruali ya mteja, nikashona pindo, nikalifumua, nikalishona tena. Saa tisa nikafunika cherehani. Wivu haukuruhusu ukae nyumbani, unataka ukaone kwa macho.

Nilikuta boksi sakafuni, bado limefungwa kwa kamba ya katani. Joyline alikuwa ameketi chini kando yake. Kiti changu kilikuwa kitupu.

"Sijaskiza hata moja," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

"Mimi nilimwambia afungue," Mama Deepa akaongeza. "Amekataa kabisa."

"Na kwa nini ulimwambia habari ya mnada?" Nilimuuliza huku nikiketi, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Macho yako siku hizi haisomi zile maandishi kidogo, Mama Lewis. Nikasema huyu atakusaidia kuchagua."

Nikajifanya naurekebisha ule mto uliochanika. Joyline akachomoa santuri moja isiyo na picha, imeandikwa kwa kalamu, "Dipu". Akaiweka, akashusha sindano polepole.

Kinanda cha kanisa. Kisha sauti nzito ya mwanamume, kama ya mhubiri, ikiwasihi wafugaji wapeleke ng'ombe kwenye dipu, lile josho la kuua kupe, kila wiki. Mwisho wa ubeti akaimba, "Na ng'ombe wangu aseme!" Kinanda kikanyamaza. Kimya. Mtu akakohoa. Kimya tena. Na pale kinanda kilipokata tamaa na kuanza ubeti wa pili, ng'ombe akalia, mooo, juu ya maneno yote. Ubeti wa pili, vilevile, kachelewa. Wa tatu, akawahi mno, na yule bwana, kwa sauti ya chini lakini inayosikika wazi, akamwambia, "Bado."

Nikasikia mtu akipasuka kwa kicheko, kicheko kikubwa cha sokoni, mpaka mashine ikatikisika. Nilikuwa mimi. Mama Deepa bado alikuwa hajagusa mtandio wake. Joyline alinitazama kutoka sakafuni, uso umemchangamka, kisha akarudisha sindano mwanzo bila kuambiwa.

Nilicheka wa kwanza, kwa santuri aliyoileta yeye. Hilo bado sijamsamehe.