Kikopo cha Amana

Muhdhar hakuwa na dirisha la kufungua. Hakuwa na sakafu nzima. Ile ya chumba chake cha chini, Mji wa Kale, ilipasuka tangu mlangoni hadi uvunguni mwa kitanda. Hakuwa na mkataba, wala mtoto serikalini, wala pengine pa kumhamishia Shahnaz, mkewe, aliyekaa juu ya ufa ule miaka ishirini na sita akishona kofia, na sasa anakohoa damu.

Wapimaji wa hewa wa serikali walimwachia kikopo cheusi. Kingekaa miezi mitatu kikinasa radoni, gesi itokayo ardhini, isiyo na rangi wala harufu, inayokula mapafu polepole. Nyumba ikizidi kiwango, mwenye nyumba hulazimishwa kuziba sakafu na kutia feni ya kuivuta nje. "Kitunze sana, mzee," walimwambia. Muhdhar akakitunza kama amana ya watu: akakitia ndani ya kopo la halua, akakaza mfuniko, akalifungia kabatini pamoja na vikombe vya harusi.

Majibu yakaja: salama. Nyumba ya jirani, ukuta mmoja na yao, ilizidi kiwango mara nne.

Ofisini kwa wapimaji, afisa Bramwel alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee Muhdhar! Tulitaka hewa, wewe ukatupimia halua?"

"Mlisema nikitunze, mwanangu. Hamkusema kiachwe wazi."

"Maelezo yalikuwa kwenye karatasi."

"Ya Kiingereza."

Bramwel akarudisha miwani. "Kupimiwa tena huomba mwenye nyumba. Mpangaji hana fomu."

Mwenye nyumba, Abdulhussein, alimpokea langoni kwake Kizingo, gari likinguruma.

"Upimaji gani tena? Si mumeambiwa salama?"

"Kosa lilikuwa langu, bwana. Mke wangu anakohoa damu."

"Mpe pole." Akafikiri kidogo. "Wewe hati yako nzuri, nasikia. Iandikie ile ofisi. Sema wapangaji wote tumeridhika na majibu, hatutaki kusumbuliwa tena. Utie sahihi."

"Bwana Abdulhussein..."

"Au niandike mimi barua? Ya kukutoa?"

Alasiri Muhdhar alikaa mkekani, akaandika kwa herufi za duara, zilizosimama sawasawa, bila kufuta hata neno. Shahnaz, aliyejua kusoma herufi za Kiarabu tu, aliinama begani pake akiitazama.

"Mashallah, imependeza. Barua ya kuomba tupimiwe tena, nzuri hivi, wataikataaje?"

"Hawataikataa," alisema Muhdhar.

Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha. Shahnaz akamnyang'anya bahasha, akailamba ukingo, akaukandamiza kwa kidole gumba chenye sugu ya sindano. Kikohozi kikamshika. Muhdhar alingoja kitulie, akampangusa mdomo, kisha akaichukua barua hadi posta na kuitia sandukuni.