Jina la Mwisho Kwenye Menyu

Hotelini kwetu hakuna mhudumu anayehangaika na majina ya vyakula vya kigeni. Tumevibatiza wenyewe: kile cha uyoga, kile cha jibini, kile kinachowashwa moto mezani. Cha mwisho kabisa, chenye jina la herufi kumi na nne na vinukta juu yake, tunakiita Mkwe, kwa kuwa hakitajwi ovyo. Mteja akikinyooshea kidole, tunasema leo hakipo. Mpishi mkuu ana miaka ishirini jikoni na hajawahi kukipika.

"Nani alikiandika?" nilimuuliza siku moja.

"Nilikikuta," akasema. "Na wewe kiache."

Meneja akatangaza kuwa atakayesoma menyu nzima bila kukwama ndiye atakuwa mkuu wa wahudumu. Mdogo wangu, mhudumu mwenzangu, akakitaka cheo. Nami, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikamwambia kuwa, kwa ulimi wake ule mzito, akiweza nitamfulia sare mwaka mzima. Ni mbishi toka utotoni. Maneno hayo yalimtosha.

Jumatano asubuhi, akipiga pasi chumbani kwetu, akalitamka lile jina la mwisho. Sikuwahi kulisikia, lakini nilijua kalipatia. Nywele zilinisimama. Chumba kikajaa harufu ya mchuzi nisioujua, na jiko letu lilikuwa halijawashwa.

Mchana akaninyooshea chumvi. "Hiki mnakiitaje?"

"Ukubwa umeshaanza kukupanda kichwani," nikamcheka.

Alhamisi likampotea jina la kijiko, kisha la mlango. Nikaacha kucheka. Nikamsihi asiende kusoma, nikamwambia naogopa. Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Ijumaa akasoma yote. Alipofikia la mwisho, sufuria tupu jikoni ikaanza kutokota. Mpishi mkuu akavua aproni, akatoka, na mpaka leo hajarudi. Meneja alipiga makofi.

Saa kumi mama yetu akapiga simu, kama kila Ijumaa. Habari za cheo nilikuwa nimemtumia. Mengine nilishindwa kuyasema. Nikampa mdogo wangu simu. Nilimsikia mama akimwita kwa jina lake la utotoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha mdogo wangu akanirudishia simu kwa mikono miwili, na tabasamu lile la kupokelea wageni.

"Samahani," akaniambia, "kuna mama mmoja analia humu. Unamfahamu?"